Kuzalisha reptilia wa nyumbani au kubaki na uliye naye: kipi kinakufaa?

Mtu akishafuga mjusi au nyoka mmoja mwaka mzima bila shida, wazo la kumtafutia mwenza huja lenyewe. Mnyama anakula, anajivua ngozi vizuri, na mfugaji ameshajua mambo ya joto na mwanga. Kilichobaki, anaona, ni dume na jike kukutana tu. Nimepita hapo. Nilichagua kuzalisha, nikafurahi, nikalia, na siku hizi nazalisha kidogo sana. Namwandikia yule ambaye bado hajawaweka wawili pamoja.

Njia ziko tatu. Unaweza kubaki na mnyama wako na kumtunza vizuri basi. Unaweza kuzalisha mkupuo mmoja au miwili ya mayai kwa kiwango cha nyumbani. Au unaweza kuifanya kazi, yenye majike mengi, kumbukumbu na wateja. Wengi hulinganisha njia hizi kwa ugumu wa kupata mayai, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu kupata mayai ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kipimo changu ni kingine: wakianguliwa wote na asitokee hata mtu mmoja wa kuwachukua, je, utaweza kuwatunza? Kila ninacholinganisha hapa nakipitisha kwenye swali hilo.

Mwili wa jike kwanza

Jike wangu wa kwanza alikuwa mjusi-chui, yule geko mwenye madoa na mkia mnene ambaye asili yake ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Alikuwa na miezi kumi na moja, mkubwa kwa macho, nami nikamwingizia dume bila hata kumpima uzito. Alitaga mayai mawili, kama kawaida yao, kisha mawili mengine baada ya wiki tatu, kisha mengine tena. Mjusi-chui huweka akiba yake ya mafuta mkiani, na mkia wa huyu ulipungua hadi ukawa mwembamba kama penseli. Asubuhi moja nilimwinua nikaona miguu ya mbele inatetemeka na taya la chini limelegea, ukilibonyeza kidogo linabonyea. Kalsiamu yote ilikuwa imekwenda kwenye maganda ya mayai. Daktari wa wanyama alijitahidi, lakini nilikuwa nimechelewa. Kosa lilikuwa langu na si la mtu mwingine: wafugaji wenye subira humngoja jike afikishe gramu 45 au zaidi na umri wa kupita mwaka mmoja, na dume humtoa mapema ili jike apumzike.

Kwa hiyo ukilinganisha kubaki na mmoja na kuzalisha, anza na gharama anayoilipa mnyama mwenyewe. Jike anayezalishwa anahitaji kalsiamu na vitamini D3 kwa mpango maalumu, chakula kingi zaidi, sanduku lenye unyevunyevu la kutagia, na daktari anayejua reptilia, kwa sababu yai likikwama ndani huwa ni suala la siku chache, wakati mwingine la upasuaji. Madume nao hawawezi kukaa pamoja, watapigana. Hata dume na jike wakiachwa kizimba kimoja mwaka mzima, jike hasumbuliwi mara moja, husumbuliwa kila siku.

Lakini kuna jambo wanaobaki na mmoja hawaambiwi: jike asiyeona dume maisha yake yote anaweza kutaga vilevile. Kinyonga wa Yemen ndiye mfano mkali zaidi. Hutaga mayai yasiyorutubishwa kwa makumi, na akikosa mahali pa kuchimba huyazuia tumboni hadi yanamuua. Ukimfuga jike wa aina hii, weka ndoo ya mchanga wenye unyevu anapoanza kuhangaika chini ya kizimba, na usimlishe kupita kiasi, maana chakula kingi na joto kali humwongezea mayai. Ukitaka njia ya kwanza kwa utulivu kamili, chukua dume.

Aina moja na nyingine hazifanani hata kidogo

Swali la kama kuzalisha kuna faida halina jibu kabla hujataja mnyama. Linganisha mijusi wawili ambao wanaoanza huwachagua zaidi. Mjusi-chui hutaga mayai mawili kila mkupuo, mikupuo kadhaa kwa msimu. Mjusi-ndevu wa Australia hutaga kati ya 15 na 35 kwa mkupuo, na jike mmoja anaweza kurudia mara kadhaa baada ya kupandishwa mara moja tu, kwa kuwa anahifadhi mbegu za dume mwilini. Kwenye karatasi wa pili anaonekana ndiye mwenye faida. Sasa fanya hesabu ya midomo. Makinda 20, kila mmoja akila wadudu 30 wadogo kwa siku, ni wadudu 600 kila siku, wakigawiwa mara tatu au nne, pamoja na majani yaliyokatwa vizuri. Mmoja akichelewa kushiba atamng'ata mwenzake kidole au ncha ya mkia, kwa kuwa kila kinachotikisika mbele yake anakiona chakula. Unawatenga kwa ukubwa, kisha unawatenga tena, na kila kizimba kinataka taa ya joto na taa ya miale ya UVB, la sivyo mifupa inalainika. Nimemwona mtu mwenye moyo mzuri kabisa akichoka ndani ya wiki tano.

Mjusi-chui hakuelemei hivyo. Makinda wawili unaweza kuwafahamu kila mmoja kwa alama zake, na wakikosa pa kwenda unaweza kukaa nao. Ana pia jambo la ajabu ambalo mfugaji wa nyumbani anaweza kulitumia: jinsia yake huamuliwa na joto la yai. Ukiyatunza mayai kwenye nyuzi 26 za Selsiasi utapata majike karibu wote. Karibu na nyuzi 32 madume ndio wengi. Ukipanda juu ya hapo majike hurudi, ila ni hatari kwa viini. Hivyo aliyezalisha bila kukiangalia kidhibiti joto anaweza kujikuta na madume sita, na kila mmoja atadai kizimba chake hadi mwisho. Na mwisho wenyewe uko mbali, miaka 15 hadi 20.

Geko-kishungi wa New Caledonia ndiye ninayempendekeza kwa mtu aliyeamua kujaribu. Mayai mawili kwa mkupuo, hayahitaji mashine kali, joto la chumba la nyuzi 22 hadi 26 linatosha, na huanguliwa baada ya siku 60 hadi 120 hivi. Makinda hula chakula cha unga kinachokorogwa kwa maji. Tahadhari yake ni moja: jike huendelea kutaga mayai yaliyorutubishwa kwa miezi mingi baada ya dume kuondolewa. Ukianza, huna uwezo wa kusimamisha siku unayotaka.

Kwa upande wa nyoka, watu hulinganisha nyoka-mahindi wa kusini-mashariki mwa Marekani na chatu-mpira wa Afrika Magharibi na Kati, aliyepewa jina hilo kwa kuwa akiogopa hujikunja akawa kama mpira na kichwa akakificha katikati. Nyoka-mahindi hutaga mayai kumi hadi thelathini. Huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, na hapo ndipo kazi inapoanza: baadhi ya makinda hukataa kabisa panya wachanga, wanataka mjusi, na wewe utakaa usiku unampakaza panya harufu ya mjusi ili kinda mmoja mwembamba kama kamba ya kiatu akubali kumeza. Chatu-mpira hutaga machache, mara nyingi matano au sita, na makinda wake ni wanene tangu mwanzo. Ila jike humchukua miaka mitatu hivi kufikia uzito wa kupandishwa, na anaweza kugoma kula miezi kadhaa huku wewe huna la kumfanya. Kwa anayetaka kujifunza, nyoka-mahindi ni mwalimu mzuri. Kwa asiye na nafasi ya makinda ishirini, chatu ni salama zaidi kwa hesabu, ingawa si kwa subira.

Ukimzalisha chatu, fikiria pia urefu wa ahadi. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu-mpira jike aliyekadiriwa kuwa na miaka 62, akiwa bustanini humo tangu 1961, alitaga mayai saba ingawa hakuwa amekutana na dume kwa miongo. Kila kinda unayemwangua ana uwezo wa kukuzidi umri.

Kobe nitawapitia haraka, kwa sababu maoni yangu juu yao ni mafupi: usizalishe. Kobe mkubwa wa ukanda wa Saheli hutaga mayai 15 hadi 30 kwa mkupuo, kinda anaenea kiganjani na kila anayemwona anamtaka, kisha anakua hadi kilo 50 na zaidi, anachimba mashimo chini ya ukuta, na hakuna anayemtaka tena. Vituo vya kuokoa wanyama katika nchi nyingi vimejaa kobe hawa. Porini anapungua, kweli, lakini kinda aliye kwenye beseni la mtu harudishi hata mmoja Saheli.

Siku ya yai

Nisieleweke kwamba hakuna furaha. Ipo, na ni kubwa, na ndiyo faida ya kweli ya njia ya pili. Yai la mjusi si kama la kuku: ganda lake ni laini, kama ngozi nyembamba iliyotandikwa. Unalitoa polepole, unaliwekea alama juu kwa penseli, na unalilaza vilevile lilivyokuwa kwenye vemikulaiti, yaani chembe za madini zinazoshika maji, yenye unyevu. Likishapita siku moja hivi tangu litagwe usiligeuze, kwa sababu kiini kinajishika sehemu ya juu ya ganda, na ukilipindua unakizamisha. Baada ya wiki moja au mbili unazima taa, unamulika yai kwa tochi ndogo kwa upande, na unaona mishipa myekundu imetanda kama mizizi. Sijazoea kuona hilo hadi leo.

Karibu na kuanguliwa, yai hutoa matone kama jasho, kisha linanyong'onyea upande mmoja. Anayeona mara ya kwanza hudhani limeharibika. Halafu unaona mchano mfupi ulionyooka, uliokatwa kwa jino dogo ambalo kinda hulipoteza baadaye, na pua inachomoza. Kinda anaweza kukaa hivyo saa nyingi, kichwa nje na mwili ndani, akivuta akiba ya kiini cha njano tumboni. Hapo mkono wako ukae mbali. Aliyevutwa kabla ya wakati hutoka na mfuko wa kiini ukining'inia, na wengi wao hufa.

Mtu mwenye familia yenye watoto wadadisi, mwenye aina ya mayai mawili na nafasi ya vizimba vinne, atapata hapa kitu ambacho mnyama mmoja hawezi kumpa. Hiyo ndiyo sababu sisemi kwamba kila mtu abaki na mmoja.

Rangi ya kawaida au rangi ya kutafutwa

Aliyeamua kuzalisha atasikia mara moja kwamba fedha iko kwenye mofu, yaani rangi na mabaka yasiyo ya kawaida yanayorithiwa. Albino wa chatu-mpira alipozalishwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1992, alikuwa kitu cha matajiri. Leo albino ni wa kawaida. Kila mofu hupita njia hiyo, kwa sababu anayeuza mnyama adimu anauza pia uwezo wa kuzalisha wengine. Wewe unayenunua leo unajenga kundi, unasubiri miaka mitatu jike akue, na utakapopata makinda, waliotangulia wameshajaza soko. Aliyepata fedha ni aliyekuwa wa kwanza, na wa kwanza hawezi kuwa kila mtu.

Ila soko si sababu yangu kuu ya kukataa. Kuna mofu ambazo urembo wenyewe ni ugonjwa. Chatu-mpira wa mofu ya spider, wenye mabaka membamba kama utando wa buibui, hutikisa kichwa na kukipinda juu chini. Utafiti wa picha za CT uliochapishwa 2022 ulionyesha kasoro kwenye sikio lao la ndani, mahali panapompa mnyama mizani ya mwili. Nimemtazama mmoja akijaribu kumkamata panya: alirusha kichwa mara nne, mara nne akapiga ukuta. Mjusi-chui wa mofu ya Lemon Frost, wa njano angavu na macho kama ya fedha, huota uvimbe wa seli za rangi, na utafiti wa 2021 uliihusisha hali hiyo na jeni iitwayo SPINT1. Mjusi-chui wa mofu ya Enigma huzunguka duara asijue aendako. Mjusi-ndevu aliyezalishwa bila magamba hupasuka ngozi kwa urahisi, hasa jike anapong'atwa na dume wakati wa kupandana.

Ukiwa na mnyama wa aina hizo, mpende na umtunze, hana kosa. Kumzalisha ni jambo jingine. Hapa sina pande mbili za kulinganisha.

Kuhusu faida ya fedha

Njia ya tatu inawezekana, na wapo wanaoishi kwayo, lakini wanaishi kama wafugaji wengine wote: wanaamka mapema, wanazalisha wadudu na panya wao wenyewe, wanaandika uzito wa kila mnyama, wanamtenga kila mgeni miezi mitatu kwa hofu ya kriptosporidia, kimelea cha tumbo, kwa mijusi au virusi vya mapafu kwa chatu, na ugonjwa mmoja ukiingia wanaweza kupoteza kundi zima. Umeme ukikatika usiku wa baridi hawalali. Ukitaka kujua kama inakufaa, jiulize kama ungefurahia kusafisha vizimba 60 kila wiki hata kama pasingekuwa na mauzo. Mimi nilijijibu hapana.

Mzalishaji wa nyumbani, kwa upande wake, asitarajie faida. Akirudisha gharama ya chakula na taa ashukuru. Mashine ya kutotolesha, kidhibiti joto cha kuaminika, vizimba vya ziada na daktari humeza mkupuo mzima kabla haujauzwa.

Je, inawasaidia wa porini?

Hoja hii hutolewa sana, na ni nusu kweli. Geko-kishungi alidhaniwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1994; leo wanaofugwa karibu wote wamezaliwa mikononi mwa wafugaji, na hakuna haja ya kumtoa hata mmoja New Caledonia. Hapo uzalishaji umefanya kazi. Aliyezaliwa kizimbani, zaidi ya hayo, huwa na minyoo michache, hula bila kubembelezwa na hajatenganishwa na makao yake. Kati ya kununua wa porini na wa kuzaliwa kizimbani, sioni cha kujadili.

Lakini jina la "amezaliwa kizimbani" huweza kuwa pazia. Utafiti uliochapishwa 2011 kuhusu chatu wa kijani wa Indonesia ulikuta kwamba angalau asilimia 80 ya waliosafirishwa kwa jina hilo walikuwa wamekamatwa porini. Na mjusi wa buluu wa Kimboza, anayeishi juu ya miti ya mikadi katika vipande vichache vya msitu mashariki mwa Tanzania, alikamatwa kwa wingi hadi mkutano wa 2016 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ukamweka Kiambatisho cha Kwanza, ambacho huzuia biashara ya kimataifa ya wanyama wa porini. Anazaliana kizimbani, lakini kinachomwokoa ni mikadi kubaki imesimama. Ukitaka kumsaidia mnyama wa porini, kuulinda msitu wake kunazidi mayai yako.

Kabla hujamwingiza dume, soma sheria za unapoishi. Kwa CITES mnyama hahesabiwi "wa kuzalishwa" kwa kuwa tu ameanguliwa kwako. Wazazi nao wawe wamepatikana kihalali, na kundi lioneshe linaweza kufikia kizazi cha pili bila kuchota porini. Weka karatasi zote. Nchini Marekani, uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika inchi 4 umepigwa marufuku tangu 1975 kwa sababu ya salmonela kwa watoto, basi makinda yako yasipewe mtoto mdogo ayachezee. Na aliyekosa mnunuzi asiachie mnyama mtoni au kichakani. Kobe-maji mwenye masikio mekundu ameenea mito ya mabara mengi kwa njia hiyohiyo, na Umoja wa Ulaya ulimwingiza kwenye orodha ya viumbe vamizi mwaka 2016.

Ningemshauri nani nini

Mwenye kizimba kimoja, kazi ya kusafiri, au asiye na daktari wa reptilia karibu: abaki na mmoja, dume ikiwezekana. Mwenye aina ya mkupuo wa mayai mengi ajue ana chaguo ambalo wengi hulionea haya bila sababu: si lazima mayai yote yaingie kwenye mashine. Yai lililogandishwa siku lilipotagwa halijaumiza kiumbe. Kinda wa miezi sita asiye na pa kulala anaumia kila siku. Mwenye mpango wa mauzo akafanye kazi kwanza kwa mfugaji mkubwa msimu mmoja, asafishe, alishe, azike wanaokufa, kisha aamue.

Msimu huu geko-kishungi wangu ametaga mara tatu, mayai sita. Mawili yamo kwenye kisanduku, yana alama ya penseli juu, na mishipa imeanza kuonekana. Manne niliyagandisha. Watu wawili wameshaandaa vizimba, mmoja amenitumia picha za taa na kipimajoto chake ili nimkosoe. Wangekuwa watatu ningeacha mayai matatu.